Kesi Haiishii Ukumbini: Saa za Kazi za Waamuzi wa Majopo na Maana Yake kwa Mkazi

Mkazi amefika saa mbili na nusu asubuhi. Amefunga duka lake kwa siku nzima, amelipa nauli, na amebeba bahasha yenye risiti za kodi za miaka mitatu. Saa tatu jopo linaingia. Kesi yake inaitwa, kila upande unapewa nafasi ya kuzungumza, kisha mwenyekiti anatangaza kwamba uamuzi utasomwa baada ya wiki nne. Kufikia saa saba mchana ukumbi ni mtupu. Mkazi anaondoka akijiuliza: ikiwa watu hawa wamemaliza kazi saa saba, wiki nne ni za nini?

Ni swali la haki. Kwa mwenye duka anayetishiwa kufukuzwa, au mjenzi aliyeagizwa asimamishe ujenzi, wiki nne ni pesa na ni usingizi. Makala haya yanaeleza jinsi muda wa waamuzi unavyopangwa, kwa nini mapumziko yao yanahusu pia haki ya mkazi, sheria imeweka siku ngapi kwa kila aina ya mzozo, na mkazi anaweza kufanya nini ili kesi yake isikwame.

Waamuzi wanaozungumziwa ni akina nani?

Wengi wanawafahamu majaji na mahakimu. Kando yao kuna majopo ya maamuzi, ambayo wengine huyaita traibunali. Kifungu cha 169 cha Katiba ya 2010 kinayataja majopo yanayoundwa na Sheria za Bunge pamoja na mahakama za chini. Kila jopo hushughulikia aina moja ya mizozo, mara nyingi kati ya raia na ofisi ya serikali, na huendesha mambo kwa utaratibu mwepesi kuliko wa mahakama ya kawaida.

Yanayowagusa wakazi wa kaunti zaidi ni haya:

• Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara, linalosikiza mizozo ya wapangaji na wenye majengo ya maduka, hoteli na mikahawa chini ya Sura ya 301 ya Sheria za Kenya.

• Jopo la Rufaa za Ushuru, kwa anayepinga uamuzi wa Mamlaka ya Ushuru.

• Jopo la Kitaifa la Mazingira, kwa anayepinga au kudai leseni ya mradi unaogusa mazingira.

• Jopo la Vyama vya Ushirika, kwa mizozo ya wanachama na vyama vyao, ikiwemo sako.

• Bodi ya Kukagua Maamuzi ya Ununuzi wa Umma, kwa aliyeomba zabuni ya serikali kuu au ya kaunti na kuona hakutendewa haki.

• Kamati ya Uhusiano ya Mipango na Matumizi ya Ardhi, ambayo Sheria ya 2019 inataka iwepo katika kila kaunti. Hii ndiyo iliyo karibu zaidi na mkazi. Husikiza rufaa za walionyimwa kibali cha ujenzi na za waliopewa ilani ya kusimamisha au kubomoa.

Baada ya Katiba ya 2010, majopo mengi yalianza kuhamishwa kutoka wizara mbalimbali hadi Idara ya Mahakama. Lengo lilikuwa kwamba anayeamua mzozo dhidi ya ofisi fulani asiwe akilipwa na kusimamiwa na ofisi hiyo hiyo.

Wa muda wote na wa vikao

Jambo la kwanza la kuelewa kuhusu ratiba ni kwamba waamuzi hawa hawahudumu kwa njia moja. Wapo wanaofanya kazi hiyo pekee, siku zote za wiki, kama ilivyo kwa hakimu. Wapo pia wanaohudumu kwa vikao tu. Hawa ni mawakili, wahasibu, wahandisi, wataalamu wa mipango miji au wa mazingira ambao wana kazi nyingine ya kila siku, na hulipwa posho ya kikao badala ya mshahara wa mwezi.

Mpangilio wa vikao una sababu nzuri. Mzozo wa jengo lililojengwa karibu na mto unahitaji mtu anayejua maji yanavyotembea. Mzozo wa hesabu za ushuru unahitaji mhasibu. Serikali haiwezi kumwajiri kila mtaalamu kwa mwaka mzima kwa ajili ya kesi chache za fani yake. Kamati ya kaunti ya mipango ya ardhi ni mfano ulio wazi: huwakutanisha mwanasheria na wataalamu wa mipango, usanifu wa majengo na uhandisi, watu ambao ofisi zao za kawaida ziko kwingine.

Hata hivyo, mpangilio huo una matokeo ambayo mkazi huyaona bila kujua chanzo chake.

Kwanza, siku za vikao ni chache na hupangwa mapema. Kesi ikipangiwa Alhamisi fulani, haiwezi kusogezwa hadi Ijumaa kwa sababu tu upande mmoja haujajiandaa. Siku hiyo ya Ijumaa mwamuzi yuko kwa mteja wake au darasani anakofundisha.

Pili, kuna idadi ya chini ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali. Mmoja akiugua na mwingine akajiondoa kwa kuwa aliwahi kumwakilisha mmoja wa wahusika, kikao kinaweza kuahirishwa hata kama mwenyekiti amefika. Kujiondoa huko ni wajibu. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kusikizwa na mahakama au jopo huru lisilopendelea upande wowote.

Tatu, uamuzi huandikwa nje ya saa za kikao. Mjumbe wa vikao anapofika nyumbani saa kumi na mbili jioni akitoka kwenye kazi yake ya kawaida, ndipo anapoanza kufungua faili za jopo.

Wiki ya mwamuzi inavyotumika

Kile mkazi anachokiona ukumbini ni sehemu ndogo ya kazi. Kabla ya kikao, mwamuzi anapaswa kusoma malalamiko, majibu, mikataba, risiti na viapo vya mashahidi. Ndani ya kikao kuna kesi za kusikizwa, lakini kuna pia zinazotajwa tu ili kupangiwa tarehe, na maombi ya dharura ambayo hayangoji zamu. Baada ya kikao kuna kusoma tena ushahidi, kutafuta maamuzi ya awali ya mahakama za juu, kujadiliana na wajumbe wenzake, kuandika na kusahihisha.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wake. Tuseme jopo limesikiza kesi 6 siku ya Jumanne, na kila faili ina kurasa 150. Jumla ni kurasa 900. Akisoma kila ukurasa kwa dakika 2, mwamuzi atahitaji dakika 1,800, yaani saa 30. Hizo ni karibu siku nne za kazi za saa nane, na hapo hajaandika sentensi hata moja ya uamuzi. Jumanne inayofuata kesi nyingine sita zinamsubiri.

Ongeza safari. Baadhi ya majopo yana makao Nairobi na huzunguka katika miji mingine ili wakazi wa mbali wasilazimike kusafiri. Ziara kama hiyo humfaa mkazi sana, lakini humwondoa mwamuzi nyumbani na mezani pake kwa siku kadhaa. Kazi ya kuandika husubiri mpaka arudi.

Hapo ndipo suala la usawa kati ya kazi na maisha ya nyumbani linapojitokeza. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mfanyakazi apate angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi yenye malipo kamili, likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mama na wiki mbili kwa baba. Kwa mwamuzi aliyeajiriwa kwa muda wote, swali huwa kama haki hizo zinatumika kweli au likizo ndiyo muda wa kumalizia maamuzi yaliyobaki. Kwa mwamuzi wa vikao, swali ni gumu zaidi, kwa kuwa wikendi yake ndiyo ofisi yake ya pili.

Saa ya sheria

Bunge halikuwaachia waamuzi wajipangie muda wapendavyo. Kifungu cha 159 cha Katiba kinasema haki isicheleweshwe. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya hatua ya kiutawala iliyo ya haraka, yenye ufanisi, halali, ya busara na inayofuata utaratibu wa haki. Sheria mbalimbali zimeigeuza ahadi hiyo kuwa siku za kuhesabu:

• Zabuni za umma: malalamiko huwasilishwa ndani ya siku 14, na Bodi ya Kukagua hutakiwa kuamua ndani ya siku 21. Mahakama zimeushikilia muda huu kwa ukali.

• Kibali cha ujenzi: asiyeridhika na uamuzi wa kaunti hukata rufaa kwa Kamati ya Uhusiano ndani ya siku 14, na kamati huamua ndani ya siku 14 tangu rufaa kuwasilishwa.

• Ilani ya kusimamisha au kubomoa jengo: rufaa ndani ya siku 14 tangu kupokea ilani, na uamuzi ndani ya siku 30.

• Ushuru: ilani ya rufaa ndani ya siku 30 tangu kupokea uamuzi wa Kamishna, na uamuzi wa jopo ndani ya siku 90.

• Leseni ya mazingira: rufaa ndani ya siku 60.

• Madai madogo: Mahakama ya Madai Madogo, ambayo ni mahakama wala si jopo, husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Sheria inataka kesi iende siku hadi siku bila kukatizwa, hukumu itolewe ndani ya siku 3 baada ya kusikizwa, na yote yaishe ndani ya siku 60 tangu kesi kuwasilishwa.

Siku hizi zinamlinda mkazi. Lakini saa ya ukutani haijui kama mjumbe mmoja ana mtoto mgonjwa, au kama wiki hiyo zimeingia rufaa tatu badala ya moja. Siku 14 za kamati ya ardhi zinajumuisha kupokea faili, kuwaita wajumbe wenye kazi zao, kusikiza pande zote, pengine kwenda kuliona jengo, kukubaliana na kuandika. Ratiba isipopangwa vizuri, mambo mawili hutokea: muda unapita, au uamuzi unaandikwa haraka mno. Yote mawili humrudia mkazi. Uamuzi ulioandikwa haraka bila sababu za kutosha ndio unaobatilishwa kwenye rufaa, na kesi inaanza upya.

Uchovu una bei yake

Kwamba mtu aliyechoka hukosea si habari mpya kwa dereva wa matatu wala kwa muuguzi wa zamu ya usiku. Kwa waamuzi, jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2011, Shai Danziger na wenzake walichapisha utafiti juu ya maamuzi zaidi ya 1,000 ya bodi zinazoamua kuachiliwa mapema kwa wafungwa nchini Israel. Waliona kwamba mwanzoni mwa kila kipindi cha kikao, takriban asilimia 65 ya maombi yalikubaliwa. Kiwango hicho kilishuka kikikaribia sifuri kabla ya mapumziko ya chakula, kisha kikapanda tena baada ya mapumziko.

Wataalamu wengine walipinga tafsiri hiyo mwaka huo huo. Walieleza kwamba mpangilio wa kesi haukuwa wa bahati nasibu, na kwamba wafungwa wasio na wakili walielekea kusikizwa mwishoni mwa kipindi. Mjadala huo wenyewe una funzo kwa mkazi: jinsi kesi zinavyopangwa katika siku inaweza kuwa na uzito, iwe sababu ni njaa, uchovu, au nani amewekwa mwisho wa orodha. Ndiyo maana mapumziko ya katikati ya kikao, na orodha ya kesi isiyojazwa kupita kiasi, ni sehemu ya kusikizwa kwa haki.

Nchi nyingine pia zimekabiliana na swali la kiasi gani cha kazi ni haki kumtaka mwamuzi. Nchini Marekani, majaji wa utawala wanaosikiza madai ya malipo ya ulemavu katika Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii waliombwa mwaka 2007 watoe maamuzi 500 hadi 700 kila mmoja kwa mwaka. Kwa mwaka wenye siku 250 za kazi, hayo ni maamuzi mawili hadi karibu matatu kila siku. Upande mmoja kulikuwa na maelfu ya wagonjwa na walemavu waliosubiri malipo. Upande wa pili chama cha majaji hao kilidai kwamba kiwango hicho kinawasukuma kuamua bila kuchunguza vya kutosha, na mwaka 2013 kilienda mahakamani. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya Chicago iliitupa kesi hiyo. Ilisema hayo ni malalamiko ya ajira yanayopaswa kupitia taratibu za utumishi wa umma. Mzozo ukabaki na sura zake mbili: anayesubiri anataka uamuzi leo, na anayestahili kushinda anataka faili yake isomwe yote. Mara nyingi ni mtu yule yule.

Mtandao umeongeza na umepunguza

Janga la Korona lilipoingia Machi 2020, shughuli za mahakama zilipunguzwa na vikao vingi vikahamia kwenye video. Kuanzia Julai 2020, kesi za Nairobi zilianza kuwasilishwa kwa mfumo wa mtandaoni, na mwaka 2024 mfumo huo ulipanuliwa nchi nzima.

Kwa ratiba, faida ni kubwa. Kesi inayotajwa kwa dakika tano haimlazimu tena mkazi kufunga duka siku nzima. Mwamuzi anaweza kusikiza maombi kutoka mji mwingine bila kulala hotelini. Mama anayenyonyesha anaweza kuongoza kikao cha kutaja kesi na bado awe karibu na mtoto wake. Chini ya mpango wa Mahakama Popote, kesi za vituo vyenye msongamano hugawiwa maafisa wa mahakama walio katika vituo visivyo na kazi nyingi.

Hasara nayo ipo. Ofisi inapoingia kwenye simu, haifungwi. Hati inayowasilishwa saa nne usiku humfikia mwamuzi saa nne usiku. Mtandao ukikatika katikati ya ushahidi, kikao hurudiwa na ratiba ya siku nzima husukumwa mbele. Mkazi asiye na simu nzuri au vifurushi vya kutosha anaweza kujikuta nje ya kikao chake mwenyewe. Mkazi wa namna hiyo anashauriwa kulijulisha jopo mapema na kuomba kusikizwa ana kwa ana, au kutumia kituo cha saiba kilicho na mtandao wa uhakika na mahali patulivu.

Likizo za mahakama na hesabu ya siku

Mahakama Kuu ina vipindi vya mapumziko: wakati wa Pasaka, kuanzia 1 Agosti hadi 15 Septemba, na kuanzia 21 Desemba hadi 13 Januari. Wengi hudhani hiyo ni likizo tu. Kwa kweli maombi ya dharura huendelea kusikizwa na majaji wa zamu, na majaji wengi hutumia sehemu ya kipindi hicho kuandika hukumu zilizobaki.

Jambo la hatari ni mkazi kudhani kwamba kila saa husimama Desemba. Kanuni za kesi za madai huacha kuhesabu siku za kuanzia 21 Desemba hadi 13 Januari kwa muda uliowekwa na kanuni hizo. Siku zilizowekwa na sheria ya jopo husika ni jambo jingine. Mwenye siku 14 za rufaa ya ardhi asisubiri mwaka mpya.

Kuhesabu kwenyewe kuna utaratibu. Siku tukio lilipotokea haihesabiwi. Siku ya mwisho ikiangukia Jumapili, sikukuu ya umma au siku ambayo ofisi za serikali hazifanyi kazi, muda husogea hadi siku inayofuata ya kazi. Kwa mfano, aliyepokea ilani ya ujenzi tarehe 3 Machi huanza kuhesabu tarehe 4, na siku yake ya 14 ni tarehe 17 Machi.

Mfano: ilani ya kuondoka dukani

Mfano mmoja unaonyesha jinsi ratiba ya mwamuzi na ya mkazi zinavyokutana. Mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi amepokea ilani tarehe 28 Mei ikimtaka aondoke ifikapo 1 Agosti. Upangaji wa namna hiyo unalindwa na Sura ya 301, ambayo inataka ilani iwe katika fomu iliyowekwa na itoe angalau miezi miwili.

Mpangaji ana mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni kumjibu mwenye jengo kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kwamba hakubali. La pili ni kupeleka mzozo kwenye jopo kabla ya siku ilani inapoanza kufanya kazi. Akifanya hivyo, ilani haiwezi kutekelezwa mpaka jopo liamue. Akinyamaza, ilani huanza kufanya kazi tarehe iliyoandikwa, na itabidi aliombe jopo kibali kwa kueleza sababu ya kuchelewa.

Akifika masijala tarehe 10 Juni, faili yake inapangwa kwa utulivu, mwenye jengo anapelekewa hati, na mwamuzi anapata muda wa kusoma. Akifika tarehe 30 Julai, anaingia kama dharura, akisukumana na dharura nyingine zote za siku hiyo mbele ya mwamuzi ambaye orodha yake ilijaa wiki tatu zilizopita. Sheria ni ile ile, lakini faili yake itasomwa kwa macho tofauti. Asiporidhika na uamuzi, anaweza kukata rufaa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ndani ya siku 30.

Mkazi afanye nini?

1. Awasilishe mapema. Tarehe ya mwisho ni ukingo, na masijala hujaa watu siku hiyo.

2. Apange hati zake kwa tarehe na kuziwekea nambari za kurasa. Faili yenye mpangilio humwokolea mwamuzi muda, na muda huo huenda kwenye hoja za mkazi.

3. Aeleze anachoomba katika sentensi mbili au tatu mwanzoni: nini kimetokea, nini si halali, na anataka jopo liamue nini.

4. Asiombe kuahirisha bila sababu ya kweli. Nafasi aliyoiacha siku ile haiwezi kupewa mtu mwingine, na nafasi mpya huenda ikawa miezi ijayo.

5. Aangalie orodha ya kesi siku moja kabla, na athibitishe kama kikao ni cha ukumbini au cha video.

6. Ikiwa wahusika wanaweza kusikizana, wafanye hivyo. Kifungu cha 159 kinahimiza upatanisho, na makubaliano yaliyoandikwa na kusajiliwa huwa na nguvu ya amri.

7. Uamuzi ukichelewa, amwandikie msajili au katibu wa jopo barua ya heshima akitaja nambari ya kesi na tarehe iliyoahidiwa. Kwa mahakama za kawaida, kanuni zinataka hukumu itolewe ndani ya siku 60 baada ya kesi kumalizika kusikizwa, na ikishindikana sababu ziandikwe. Asipopata jibu, anaweza kupeleka malalamiko kwa ofisi ya malalamiko ya Idara ya Mahakama au kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki katika Utawala.

8. Asimpigie mwamuzi simu wala kumfuata nyumbani, sokoni au kanisani. Nyumbani kwa mwamuzi si masijala. Mazungumzo ya faragha kuhusu kesi yanaweza kumlazimu ajiondoe, na kesi ikaanza upya.

Kinachobaki upande wa serikali

Wajibu haupo kwa mkazi pekee. Ofisi zinazopanga vikao zinapaswa kuhesabu siku za kusoma na kuandika kama siku za kazi, kujaza nafasi za wajumbe kabla muhula haujaisha, na kuwapa makarani na watafiti wa kutosha. Kamati ambayo wajumbe wake hawajateuliwa haiwezi kutimiza siku 14, hata wajumbe wachache waliopo wakikesha. Mkazi ana haki ya kuuliza kuhusu mambo haya katika vikao vya ushiriki wa umma, hasa wakati wa kujadili bajeti, kama anavyouliza kuhusu barabara na zahanati.

Basi yule mkazi aliyeondoka ukumbini saa saba mchana, bahasha yake imebaki mezani kwa mwamuzi. Wiki nne alizoambiwa ni za kuifungua, kusoma risiti za miaka mitatu moja baada ya nyingine, na kuandika sababu ambazo hata atakayeshindwa ataweza kuzifuata. Tarehe iliyotangazwa ikipita kimya, aulize. Ikifika na uamuzi ukasomwa, kila upande una haki ya kupata nakala ya sababu kwa maandishi.